Sinatra alirudi lini hasa, na alirudishwa na nini?

Kila msanii mkongwe anapoachia kazi mpya baada ya ukimya mrefu, mjadala huwa uleule: huyu kafufuka kweli, au anatafutiwa pumzi ya mwisho? Mjadala ukishanoga lazima atokee mtu wa kumtaja mwimbaji wa Marekani Frank Sinatra, kwamba hata yeye alishazikwa akiwa hai kisha akaibuka. Hapo ndipo simulizi zinapoanza kugongana. Mmoja atasema mafia ndio waliomwokoa, kwa kumtisha bosi wa filamu na kichwa cha farasi. Wa pili atasema ni tuzo ya Oscar. Wa tatu atakuja na wimbo wa “My Way”. Wa nne, anayejiona kasoma zaidi ya wenzake, atakumbusha kuwa Sinatra alistaafu mwaka 1971 akarejea 1973.

Kila mmoja kashika kipande chake, na kipande kikubwa kimebaki mezani bila mtu. Sinatra aliyebaki kwenye historia ya muziki alitengenezwa studio, Los Angeles, kati ya mwaka 1953 na 1958, na kilichomtengeneza ni mpangaji muziki mmoja mpole pamoja na aina mpya ya santuri. Ukiziweka tarehe kwenye mstari, utaona hata Oscar ilifika kazi ikiwa imeshaanza.

Kabla ya tarehe, tuelewane kwenye mambo matatu.

La kwanza ni aina ya mwimbaji. Sinatra huitwa kruna, yaani mwimbaji wa sauti nyororo anayeimba kana kwamba yuko pembeni ya sikio lako. Uimbaji huo usingewezekana bila kipaza sauti. Kabla ya mwaka 1925, kurekodi kulikuwa kuimba kwa nguvu mbele ya pembe kubwa ya chuma, na aliyekuwa na sauti ndogo alimezwa na bendi. Vilipokuja vipaza sauti vya umeme, mtu aliweza kunong’ona na bado akasikika juu ya tarumbeta kumi. Bing Crosby ndiye aliyepata faida kubwa mwanzoni. Sinatra, aliyezaliwa Hoboken, New Jersey, Desemba 1915, alikua akimsikiliza Crosby, kisha akaongeza jambo lake: pumzi. Alipokuwa mwimbaji wa bendi ya Tommy Dorsey kati ya 1940 na 1942, alimchunguza Dorsey anavyopuliza tromboni kwa sentensi ndefu bila kuonekana akivuta hewa, akajifunza kuimba vivyo hivyo. Ndiyo maana kwake mstari wa wimbo unatoka mzima, kama maneno ya mtu anayeongea, bila kukatwa katikati.

La pili ni albamu. Leo neno hilo tunalitumia kwa kundi lolote la nyimbo lenye jina moja. Zamani santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika na kila upande ulibeba kama dakika tatu tu, kwa hiyo albamu ilikuwa kweli kitabu chenye mifuko, ndani yake santuri tatu au nne. Ukimaliza wimbo mmoja, unanyanyuka kugeuza. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ikaleta santuri ya kuzunguka polepole, ile tuliyoizoea kwa jina la LP, iliyobeba zaidi ya dakika ishirini kila upande. Mwanzoni walitenga: inchi 12 kwa muziki wa simfoni, inchi 10 kwa muziki wa kawaida, maana waliamini mpenzi wa nyimbo za mapenzi hana subira ya kukaa muda mrefu. Shikilia jambo hilo, tutalihitaji.

La tatu ndilo linalosahaulika zaidi: mpangaji wa muziki. Ukinunua kitenge kizuri, bado huna gauni. Lazima umpelekee fundi, naye ndiye ataamua wapi kibane, wapi kiachiwe, mkono uwe mrefu au mfupi, kulingana na mwili atakaouvisha. Mtunzi anatoa kitenge, yaani tuni na maneno. Mpangaji anakata na kushona: fidla ziingie wapi, tarumbeta zinyamaze wapi, mwendo uwe wa haraka kiasi gani. Sinatra hakuwa mtunzi. Nyimbo alizowahi kuwekewa jina kama mshiriki wa utunzi zinahesabika kwa vidole. Alikuwa mvaaji. Kwa hiyo swali la nani alimshonea ni swali zito, hata kama jina la fundi huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya jalada.

Kuporomoka

Kijana wa miaka 27 alipopanda jukwaa la Paramount, New York, mwishoni mwa Desemba 1942, wasichana walipiga mayowe mpaka wanamuziki wa bendi ya Benny Goodman, iliyokuwa jukwaani usiku ule, wakashangaa. Oktoba 1944 umati wa wasichana ulizingira ukumbi huohuo, polisi wakazidiwa. Kabla ya Elvis, kabla ya Beatles, wazimu wa namna hiyo ulikuwa wake.

Miaka minane baadaye hakuna aliyemtaka. Sababu ni nyingi, na nyingine alizitafuta mwenyewe. Wasichana wa mwaka 1942 walishaolewa, wana watoto, na ladha ya redio ilihamia kwa waimbaji wenye vishindo. Uhusiano wake na mwigizaji Ava Gardner, angali ana mke na watoto watatu, ulimharibia jina kwa magazeti na kwa makanisa. Alimuoa Gardner Novemba 1951, siku chache tu baada ya talaka. Mwaka 1950 mishipa ya koo ilivuja damu akiwa kazini kwenye klabu ya Copacabana, akatakiwa kunyamaza kwa wiki kadhaa. Kampuni ya filamu ya MGM ikaachana naye. Wakala wake akamwacha. Columbia, ambako alirekodi tangu 1943, kulikuwa na msimamizi Mitch Miller, mtu mwenye sikio la kuuza lakini pia mwenye mapenzi ya vituko. Mwaka 1951 Sinatra alirekodi kwake wimbo wa mzaha wenye mbwa anayebweka. Aliuchukia mpaka mwisho wa maisha yake, na kwa haki: ni mbaya. Hata hivyo Miller hakumfunga kamba shingoni, na kuna nyimbo nzuri za miaka ileile ambazo pia hazikuuza. Soko lilikuwa limemchoka.

Kipindi chake cha mwisho cha kurekodi Columbia kilikuwa Septemba 1952. Wimbo uliitwa “Why Try to Change Me Now”. Baada ya hapo hakuwa na kampuni ya santuri, kampuni ya filamu wala wakala mkubwa. Kejeli iliyopo ni kwamba kampuni iliyomtoa mlangoni ndiyo iliyokuwa imevumbua santuri itakayomrudisha.

Filamu, mafia na farasi

Machi 1953 Alan Livingston wa Capitol Records, kampuni changa ya Los Angeles, alimpa Sinatra mkataba wa masharti ya kawaida tu. Livingston alisimulia baadaye kwamba alipowatangazia wauzaji wa kampuni yake habari hizo, ukumbi mzima uliguna.

Kipindi hichohicho Sinatra alikuwa amepata nafasi ya askari Maggio katika filamu ya “From Here to Eternity”, kwa malipo yanayotajwa kuwa dola 8,000, pesa ndogo mno kwa mtu aliyekuwa nyota. Hapa ndipo panapotokea simulizi ya farasi. Asili yake ni “The Godfather”, riwaya ya Mario Puzo ya mwaka 1969, kisha filamu ya 1972, ambamo mwimbaji wa kubuni aitwaye Johnny Fontane anapatiwa nafasi ya filamu kwa vitisho. Watu wakaunganisha nukta. Kwamba Sinatra alijuana na majambazi wakubwa, hilo halina ubishi, na lilimfuata hadi uzeeni. Lakini nafasi ya Maggio ina maelezo yasiyohitaji bunduki. Ava Gardner alimbembeleza mke wa Harry Cohn, bosi wa kampuni ya filamu. Mwigizaji Eli Wallach, aliyekuwa anapendelewa, alichagua kwenda kucheza tamthilia ya Tennessee Williams. Na Sinatra alikuwa wa bei rahisi. Mwongozaji Fred Zinnemann alikana habari ya mafia waziwazi.

Sasa zipange tarehe. Mkataba wa Capitol: Machi 1953. Wimbo uliomtambulisha upya, “I’ve Got the World on a String”: 30 Aprili 1953. Filamu kuanza kuonyeshwa: Agosti 1953. Santuri yake ya kwanza ndefu ya Capitol, “Songs for Young Lovers”: Januari 1954. Tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi: 25 Machi 1954. Oscar ilimrudishia heshima, ikafungua milango ya filamu na ya magazeti, wala sitaki kuipunguza. Ila mtu aliyepokea sanamu usiku ule alikuwa tayari na wimbo unaopanda chati, “Young at Heart”, na sauti mpya aliyoipata karibu mwaka mzima nyuma.

Fundi anapatikana

Sauti hiyo mpya ilipatikana kwa kuzungukana kidogo. Sinatra aliingia Capitol akitaka kuendelea na Axel Stordahl, mpangaji wake wa miaka yote, bingwa wa fidla laini. Walirekodi pamoja mapema Aprili 1953, na matokeo yalikuwa mazuri kwa namna ileile iliyokwisha kuchosha watu. Capitol ikapendekeza Nelson Riddle. Sinatra hakumjua. Kwa hiyo kikao cha 30 Aprili kilipangwa kwa ujanja: nyimbo mbili Riddle aliziandika kwa kuiga mtindo wa Billy May, mpangaji maarufu aliyekuwa safarini, na nyingine aliziandika kwa mtindo wake mwenyewe. Zile za kwake ndizo zilizomshtua mwimbaji.

Riddle alikuwa na miaka 31, mzaliwa wa New Jersey kama Sinatra, mpiga tromboni aliyepitia bendi ya Dorsey baada ya Sinatra kuondoka. Alikuwa amempangia Nat King Cole “Mona Lisa” mwaka 1950, wimbo uliotikisa dunia, lakini kwenye santuri likaandikwa jina la Les Baxter. Alizoea kuvaliwa nguo zake bila kutajwa.

Alichojua ni kumpa mwimbaji nafasi. Msikilize kwenye nyimbo za mwendo wa wastani: bendi nzima imo, lakini wakati Sinatra anaimba, ala zinakaa chini yake au zinaingia pale anapopumua. Filimbi inajibu neno moja, tarumbeta zilizozibwa mdomo zinatania, kisha zinaondoka. Kelele zinahifadhiwa mpaka mwimbaji amenyamaza. Stordahl alimtandikia kitanda cha fidla; Riddle alimpa mtu wa kuzungumza naye. Kwa mwanamume wa karibu miaka 40, mwenye sauti iliyokwisha kuwa nzito zaidi na yenye mikwaruzo kidogo, mazungumzo yalimfaa kuliko kitanda.

Usiku wa manane wenye nyimbo 16

Hapa ile LP ya inchi 12 inaingia. Februari na Machi 1955, Sinatra na Riddle walirekodi “In the Wee Small Hours” kwenye studio za redio ya KHJ, mtaa wa Melrose, Hollywood. Nyimbo 16, zote za mtu mmoja asiyeweza kulala kwa sababu ya mwanamke. Hakuna wimbo wa kuchangamsha kati yake, hakuna wa kuuzia redio. Jalada linamwonyesha amesimama barabarani usiku, sigara mkononi, taa za mtaani nyuma yake. Kampuni haikuwa na uhakika kuwa wanunuzi wako tayari, ikaitoa pia kama santuri mbili za inchi 10.

Mara nyingi utasoma kuwa hii ndiyo albamu ya kwanza duniani kujengwa juu ya wazo moja. Hapana. Woody Guthrie alikwisha kufanya hivyo mwaka 1940 kwa nyimbo zake za wakimbizi wa ukame, na Sinatra mwenyewe mwaka 1946 alitoa seti ya santuri nne zenye nyimbo nane za hali moja ya moyo. Tofauti ya 1955 ni kwamba sasa msikilizaji hakulazimika kunyanyuka kila dakika tatu. Huzuni iliweza kukaa. Walioamua kwamba mpenzi wa nyimbo za mapenzi hana subira walikuwa wamekosea, na aliyewaonyesha ni mtu waliyedhani kapitwa na wakati.

Dhana nyingine ni kwamba albamu hii ni barua kwa Ava Gardner. Walishatengana tangu 1953, na ukisikiliza, ni vigumu kuamini kwamba hakuwa akilini. Lakini zitazame nyimbo zenyewe: “Mood Indigo” ya Duke Ellington ilikuwa na karibu robo karne, “Glad to Be Unhappy” ya Rodgers na Hart ilitoka 1936. Wimbo wa jina la albamu ulikuwa mpya, nyingi zilizobaki ni za zamani zilizochukuliwa kwenye maonyesho ya jukwaani na filamu. Ufundi ulikuwa kwenye kuchagua na kupanga, wimbo gani ufuate upi, upande wa kwanza uishie wapi. Mashairi ya watu kumi tofauti yakasikika kama maungamo ya mtu mmoja. Hiyo ni kazi, na ilifanywa kwa makusudi.

Sanduku la Milt Bernhart

Mwaka uliofuata walikwenda upande wa pili. “Songs for Swingin’ Lovers!” ni albamu ya mtu aliyepona na anataka jirani ajue. Usiku mmoja wa kurekodi albamu hiyo unatosha kuonyesha mambo yalivyokwenda.

Tarehe 12 Januari 1956 walirekodi “I’ve Got You Under My Skin”, wimbo wa Cole Porter wa mwaka 1936. Riddle aliumaliza kuuandika katika haraka za dakika za mwisho; inasimuliwa kuwa sehemu yake aliiandika kwenye kiti cha nyuma cha gari wakielekea studio, mkewe akiendesha. Katikati ya wimbo alitaka kitu kinachopanda polepole mpaka kipasuke. Mpiga tromboni ya besi George Roberts akamwelekeza kwenye rekodi moja ya bendi ya Stan Kenton yenye tromboni zinazopandana juu ya midundo ya Kikuba. Riddle akaichukua hiyo njia. Miaka hiyohiyo midundo ya Kuba ilikuwa inazalisha rumba Leopoldville, Kinshasa ya leo, na kuchezesha watu kwenye kumbi za Dar es Salaam, kwa hiyo sikio la mtu wa huku halipati shida kutambua kile kinachochemka chini ya tromboni za Riddle.

Kumbuka kuwa kurekodi wakati ule hakukuwa kama leo, ambapo mwimbaji anaweza kuja Jumanne kuweka sauti juu ya mdundo uliotengenezwa Ijumaa. Sinatra na bendi walikuwa chumba kimoja, wanapiga na kuimba pamoja, kwa kawaida kuanzia saa mbili usiku kwa sababu alisema sauti yake haiamki mapema. Kikao kilichukua saa tatu. Mmoja akikosea, wote wanaanza upya. Wimbo huu ulikwenda mikupuo 22. Milt Bernhart, mpiga tromboni aliyepewa sehemu ya kupaa peke yake, alipuliza mpaka akadhani kamaliza vyote alivyokuwa navyo, ndipo fundi mitambo akataka apigie kwenye kipaza sauti kilichokuwa juu zaidi. Hakukifikia. Likatafutwa sanduku, akapanda. Kinachosikika kwenye santuri ni mtu aliyesimama juu ya sanduku, amechoka, anapuliza kwa hasira za kutaka kwenda nyumbani. Binafsi sijui sekunde nyingine za muziki wa Marekani wa muongo ule zenye moto kama huo.

Uingereza ilipoanzisha chati yake ya kwanza ya albamu, Julai 1956, hiyo ndiyo iliyokaa nafasi ya kwanza.

Zilifuata nyingine, na si zote za Riddle. Billy May alimpangia “Come Fly with Me” ya 1958, yenye ucheshi mwingi, Gordon Jenkins alimpangia “Where Are You?” ya 1957, yenye fidla nzito kupita kiasi, kwa maoni yangu, ingawa ina watetezi wake. Lakini kilele ni “Only the Lonely” ya 1958, na hapo fundi na mvaaji wote walikuwa wamefiwa au wameachwa: Riddle alikuwa katika kipindi cha kumpoteza binti mchanga na mama yake. Orkesta ni kubwa, karibu ya simfoni, na inatumika kwa uchoyo. Baadhi ya vikao Felix Slatkin alishika fimbo ya kuongoza kwa sababu Riddle alikuwa ziarani na Nat King Cole. Walijaribu “Lush Life” ya Billy Strayhorn, wimbo wenye ngazi ngumu, Sinatra akajikwaa, akauweka kando na hakuurudia tena. Kwenye “One for My Baby” orkesta karibu yote inaondoka, anabaki na piano ya Bill Miller. Katika tuzo za kwanza kabisa za Grammy, albamu hiyo iliambulia tuzo ya jalada, lenye uso wake uliochorwa kama mchekeshaji wa sarakasi. Ya albamu bora ya mwaka aliipata awamu iliyofuata, kwa “Come Dance with Me!”, kazi nyepesi zaidi. Majaji wa tuzo hawajabadilika sana.

Na “My Way” na ule ustaafu?

“My Way” ilirekodiwa mwisho wa mwaka 1968: tuni ya Kifaransa, maneno ya Kiingereza ya Paul Anka. Kufikia hapo Sinatra alikuwa na kampuni yake mwenyewe, Reprise, aliyoianzisha 1960 baada ya kuchoshwa na Capitol. Ni wimbo wa mtu aliyekwisha shinda. Kurejea kwa 1973, na albamu ya “Ol’ Blue Eyes Is Back”, kulikuwa kurejea kutoka likizo aliyojipa mwenyewe, tajiri, akiwa na dunia inamsubiri. Mwaka 1953 hakuna aliyekuwa anasubiri chochote. Kuyaita mambo hayo mawili kwa jina moja ndiko kunakochanganya watu.

Anayetaka kujipimia mwenyewe ana njia rahisi, isiyohitaji kusoma mtu yeyote. Albamu ya “In the Wee Small Hours” inafungwa na “This Love of Mine”, mojawapo ya zile nyimbo chache ambazo jina la Sinatra limo kwenye utunzi. Aliwahi kuurekodi mwaka 1941 na bendi ya Dorsey, akiwa na miaka 25. Zote mbili zinapatikana mtandaoni. Anza na ya 1941: pumzi safi, sauti isiyo na doa, kijana anaimba vizuri kuhusu jambo aliloambiwa. Kisha weka ya 1955, na kama simu yako imewashwa ile sehemu ya kuchanganya nyimbo, izime kwanza, usikilize na zile 15 zinazoutangulia kwa mpangilio waliouweka wao.